Waya Kabla ya Plasta

Kijana wa kampuni ya intaneti alifika Jumamosi saa nne asubuhi, akavua viatu mlangoni, akachuchumaa mbele ya ruta kama daktari mbele ya mtoto mwenye homa. Mwezi ule nilikuwa nimepiga simu ofisini kwao mara sita, na mara mbili kati ya hizo nilitamka maneno ambayo nisingependa mama yangu ayasikie. Akatoa waya mfupi wa buluu begini, ncha moja akaichomeka kwenye ruta, ya pili kwenye kompyuta yake, akapima. Megabiti 40 kwa sekunde, kama ninavyolipia. Akaomba ruhusa aingie chumba cha binti yangu, kile cha mwisho baada ya bafu. Akapima tena, safari hii bila waya. Zikaja 3.

"Mzee, intaneti yako nzima," akasema. "Nyumba yako ndiyo yenye tatizo."

Maneno yale yaliniuma. Nyumba yenyewe nimeijenga kwa miaka tisa, mwaka huu msingi, mwaka ule linta, na hakuna ukuta ambao sikumbuki ulinigharimu nini. Lakini kijana alikuwa na vipimo, mimi nilikuwa na hasira tu. Akanionyesha kwa kidole: kati ya sebule na chumba cha binti kuna kuta tatu za tofali za saruji, nguzo mbili za zege zenye nondo, bafu lililopigwa vigae mpaka juu, na kabati lenye kioo cha mlango mzima. Mawimbi ya redio hupungua nguvu kila yanapopenya saruji, nondo huyavuruga, na kioo kilichopakwa fedha mgongoni huyarudisha yalikotoka. Nilikuwa nimejenga ngome ya kuzuia waifai kwa pesa yangu mwenyewe, kisha nikamtafuta wa kumlaumu.

Tangu siku hiyo nina neno moja, na humwambia kila ninayemwona akimwaga mchanga kiwanjani: kitu kisichotembea ndani ya nyumba kifungwe waya. Runinga haitembei. Kamera ya getini haitembei, wala printa, wala kompyuta ya mezani, wala kile kisanduku kinachorekodi picha za kamera. Vyote hivyo tumevilundika hewani pamoja na simu, na simu ndiyo peke yake yenye haki ya kuwa hewani, kwa sababu ndiyo inayotoka nasi sebuleni kwenda jikoni.

Najua hoja hii inasikika kama ya mtu anayetaka turudi kwenye simu za mezani. Matangazo yote yanaonyesha dunia isiyo na nyaya, na mwenye waya unaoning'inia sebuleni anaonekana amebaki nyuma. Ila waifai, kwa tabia yake, ni kikao chenye kipaza sauti kimoja. Kwenye masafa fulani chombo kimoja tu ndicho kinachoweza kusema kwa wakati mmoja, vingine vinangoja zamu. Na kikao hicho si cha nyumba yako pekee. Katika masafa ya zamani ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayopenya kuta vizuri zaidi, njia zisizoingiliana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Jioni moja nilihesabu majina 19 ya waifai nikiwa nimekaa kwenye kochi langu. Moja limeandikwa "Nunua Yako". Majirani 19 ndani ya njia tatu, kila mmoja ana runinga inayovuta filamu na watoto wanaocheza gemu, halafu unashangaa picha inazunguka.

Cha kuchekesha ni kwamba waya ninaoutetea ulizaliwa na redio. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuunganisha vituo vya kompyuta vilivyotawanyika visiwani kwa mawimbi ya redio, mtandao wao wakauita ALOHAnet. Kila kituo kilirusha ujumbe wake kilipotaka. Jumbe mbili zikigongana zilipotea zote, na kila mrushaji alingoja muda wa kubahatisha kisha akajaribu tena. Robert Metcalfe, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, California, aliisoma kazi hiyo, akaona pa kuirekebisha, na tarehe 22 Mei 1973 akaandika waraka wa ndani ukieleza jinsi kompyuta za maabara zingeweza kuzungumza kupitia kebo moja. Yeye na David Boggs wakaifanya mbinu hiyo itembee, kwa kasi ya megabiti 2.94 kwa sekunde. Wakaipa jina Ethernet, kutokana na etha, ile hewa ya kufikirika ambayo wanafizikia wa karne ya 19 waliamini ndiyo inayobeba mwanga. Etha haikuwepo kamwe. Waya upo hadi leo.

Hata hivyo waya wa siku zile nao ulikuwa kikao cha kipaza sauti kimoja, kwa kuwa kompyuta zote zilining'inia kwenye kebo ile ile. Baadaye likaja sanduku lililoitwa habu, lenye matundu mengi, lakini kazi yake ilikuwa kurudia kwa sauti, kwenye kila tundu, kila lilichosikia. Ili nieleze kilichobadilika baada ya hapo inabidi nikupeleke kwenye nyumba niliyozaliwa, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati.

Habu ni yule mtoto anayesimama katikati ya korido na kupiga kelele: "Mgeni wa mama Saidi amekuja!" Vyumba vyote sita vinasikia, watano wanakatizwa shughuli zao bure, na kama kuna mwingine aliyetaka kusema jambo, anyamaze kwanza. Swichi ni mama mwenye nyumba. Yeye anajua nani anakaa chumba gani, hivyo anakwenda moja kwa moja kugonga mlango unaohusika. Wakati huo huo chumba cha kwanza kinaweza kuzungumza na cha nne, na cha pili na cha sita, wala hawasikilizani. Amejuaje? Hakuna aliyemwandikia orodha. Anatazama tu nani ametokea mlango upi. Kila chombo cha mtandao kina namba yake kiliyopewa kiwandani, na kinapotuma ujumbe wa kwanza, swichi inaandika: namba hii imetokea tundu la tatu. Akiulizwa mtu asiyemjua, mama huyu hugonga milango yote mara moja, anayeitika anaingia kwenye kumbukumbu. Swichi ya kwanza ya aina hiyo iliuzwa mwaka 1990 na kampuni ndogo ya California iitwayo Kalpana, ikiwa na matundu saba. Miaka minne baadaye Cisco waliinunua kampuni yenyewe.

Na ruta? Ruta ni mzee anayekaa barazani, mlango wa mbele. Kwa nje nyumba nzima ina anwani moja tu, ile iliyotolewa na kampuni ya intaneti. Barua ikitoka chumba cha tano, mzee anafuta jina la chumba, anaandika anwani ya nyumba, na kwenye daftari lake anatia alama kwamba hii ni ya chumba cha tano. Jibu likirudi anafungua daftari, anajua pa kulipeleka. Yeye pia ndiye anayegawa namba za vyumba. Zile anwani zinazoanza na 192.168 zilitengwa rasmi miaka ya 1990 kwa matumizi ya ndani tu, na ndiyo maana namba iliyo kwenye runinga yako huenda iko pia kwa jirani yako, na kwa mpwa wako aliye Muscat, bila ugomvi wowote. Hazitoki nje ya baraza.

Wauzaji wengi wanaivuruga tofauti hii, na mnunuzi analipia makosa. Ukienda Kariakoo ukasema matundu ya ruta yako yamejaa, muuza duka wa kwanza atakuuzia ruta nyingine. Huhitaji mzee wa pili barazani. Unahitaji mama wa korido. Swichi ya matundu manane yenye kasi ya gigabiti ni kisanduku cha chuma kinachotosha kwenye kiganja, hakina feni, hakina nywila, hakina programu ya kupakua. Waya mmoja kutoka tundu lolote la ndani la ruta, usiguse lile lenye rangi ya peke yake kwa kuwa hilo ni la nje, unaingia tundu lolote la swichi, basi. Kisanduku hicho kilinigharimu pungufu ya kujaza tangi la gari dogo, na kinakula umeme wa taa moja ndogo ya LED.

Somo la mzee wa pili nililipata kwa aibu. Nilikuwa na ruta ya zamani, mabaki ya kampuni niliyoihama, nikaona niitumie kurusha waifai mwisho wa korido. Wazo lenyewe zuri. Nikavuta waya kutoka kwenye swichi, nikauchomeka, taa zikawaka, nikajipongeza. Kufika jioni nusu ya nyumba haina intaneti. Simu ya mke wangu inafanya kazi, yangu haifanyi. Runinga inafanya kazi mpaka uizime. Kumbe ruta ile nayo ilikuwa inagawa namba za vyumba, kama ilivyozoea, na aliyepewa namba na mzee wa uongo alielekezwa kutokea mlango usiokuwepo. Dawa ilikuwa kuingia kwenye mipangilio yake na kuizuia isigawe anwani. Dakika tano. Kuitafuta dawa hiyo kulinichukua siku mbili.

Kosa la pili sikulifanya mimi. Siku ya usafi, mtu mmoja ambaye sitamtaja kwa kuwa tunakula meza moja aliona waya mfupi uliochomekwa kwenye swichi upande mmoja huku upande wa pili ukining'inia. Kwa nia njema kabisa akauchomeka kwenye tundu lililo wazi. La swichi hiyo hiyo. Taa zote zikaanza kupepesa kwa kasi moja na nyumba nzima ikafa. Kwenye ile korido yetu ni sawa na mama mwenye nyumba kugonga milango yote, halafu mlango mmoja unamrudisha kwenye korido hiyo hiyo, anasikia hodi yake mwenyewe, naye anaanza kugonga upya bila mwisho. Tatizo hili lilitatuliwa mwaka 1985 na mwanamama Radia Perlman, akiwa na kampuni ya Digital Equipment, kwa kanuni inayozifanya swichi zijipange kama matawi ya mti, pasiwepo kitanzi. Aliisindikiza kanuni yake kwa shairi, jambo ambalo lingemfanya aheshimike sana pwani yetu. Lakini swichi nyingi za bei ndogo tunazonunua kwa ajili ya nyumbani haziijui kanuni hiyo. Kwa hiyo waya usio na kazi uchomolewe pande zote mbili.

Nimefika kwenye waya wenyewe, na hapa nawaomba mtulie kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapoibiwa.

Ndani ya ganda kuna nyaya nane nyembamba, jozi nne, kila jozi imesokotwa. Msokoto si urembo. Alexander Graham Bell aliupatia hataza mwaka 1881 kwa ajili ya simu: nyaya mbili zikisokotwa, usumbufu wa umeme wa jirani unazigusa zote kwa kiasi kilekile, na upande wa pili unajifuta. Ndiyo maana fundi anayefumua msokoto sentimita tano ili afanye kazi kwa raha kabla ya kubana kichwa anakuharibia. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, ila gigabiti, iliyosanifiwa kwa waya huu mwaka 1999, inazitaka zote nne. Uzi mmoja tu wa zile jozi mbili za ziada ukikosa kushika kichwani, mara nyingi mtandao hauzimi, unashuka kimyakimya hadi 100, na utakaa nao miaka bila kujua. Tazama rangi ya taa kwenye tundu, au uliza kompyuta imeshika kasi gani. Rangi za nyaya fundi anazijua kwa moyo: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Asiyeweza kukuimbia mlolongo huo mwache amalizie soketi za umeme.

Wizi wenyewe uko kwenye madini. Bobini nyingi sokoni zimeandikwa Cat6, daraja la waya lililo juu ya Cat5e, kwa maandishi ya kung'aa, lakini ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juujuu. Aluminiamu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, inakatika ukiikunja mara chache, na kamera inayopata umeme kupitia waya huohuo itawaka mchana na kuzima usiku taa zake zinapohitaji nguvu zaidi. Kipimo ni rahisi: omba kipande, kwangua ncha ya uzi kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, mwambie muuza duka asante. Bobini ya shaba tupu pia ni nzito, mkono wenyewe unakwambia. Cat5e halisi ya shaba inabeba gigabiti hadi mita 100, na nyumba yako haina mita 100. Afadhali hiyo kuliko Cat6 ya bandia.

Kuhusu kamera kupata umeme kwa njia hiyo, huo ni uungwana mwingine wa waya ambao hewa haitautoa kamwe. Tangu 2003 kuna utaratibu wa kupitisha hadi wati 15.4 kwenye waya wa mtandao. Kamera yangu ya getini haina soketi karibu. Ina waya mmoja, na swichi inayoilisha umeme iko kwenye betri inayoendesha taa za dharura, kwa hiyo umeme ukikatika usiku, wakati ambao kamera inahitajika hasa, inaendelea kuona.

Shemeji yangu ana nyumba ndogo ya wageni Mji Mkongwe, Unguja. Kama nyumba yangu ni ngome, yake ni ngome hasa: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita. Isitoshe, dari zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, kama mita tatu hivi. Vyumba vyembamba maana yake kuta nyingi. Wageni wake walikuwa wakikaa kwenye ngazi usiku, kila mmoja na simu usoni, kama watu wanaosubiri daladala. Kutoboa ovyo hawezi. Mji ule umo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na hata usingekuwemo, chokaa ya miaka mia moja na zaidi haichezewi kwa nyundo.

Waya ukapandishwa kupitia uwanja wa ndani, ukifuata bomba la maji ya mvua, ule waya mweusi unaovumilia jua. Kila ghorofa ukaingia kwa tundu moja dogo, ukaishia kwenye kisanduku cheupe juu ya mlango kinachorusha waifai ya ghorofa hiyo tu. Vyote vinakutana kwenye swichi moja, ndani ya kidaka ambacho zamani kilikaa kandili. Siku hizi wageni wanaandika kusifu waifai yake. Hawajui wanausifu waya.

Hilo ndilo jambo ambalo wapinzani wangu hawalisikii. Siipigi vita waifai. Waifai nzuri ni ile inayosafiri hewani mita nne tu, sehemu nyingine yote ikibebwa na waya. Vile vikuza mawimbi vinavyochomekwa kwenye soketi katikati ya korido vinasikia kwa hewa na kusema kwa hewa, na vingi vinatumia masafa yaleyale kwa kazi zote mbili, hivyo kasi inagawanyika nusu. Ni kama kumwajiri mtu wa pili awe anarudia hotuba ya wa kwanza kwa kipaza sauti kilekile.

Hoja nyingine nazikubali. Mpangaji hawezi kuchimba ukuta wa mtu, ingawa kuna vile vifereji vyembamba vya plastiki vya kubandika juu ya mbao za ukutani, na akihama anabandua. Kompyuta mpya nyembamba hazina tundu la waya, utanunua kiunganishi. Na kuna hili ambalo wauza runinga hawalitaji: runinga nyingi, hata kubwa za bei ya kutisha, zimewekewa tundu la megabiti 100 tu, kwa hiyo ukipima kasi utakuta hewa, ukiwa karibu na ruta, inaupita waya. Usihangaike. Filamu ya 4K haihitaji hata megabiti 30. Inachohitaji ni kasi isiyoyumba.

Wala waya hautafanya kila kitu. Nilipoifunga runinga yangu waya nilidhani mechi ya Simba na Yanga nitaiona sawasawa na jirani. Jirani ana dishi. Bado anapiga kelele za goli mimi nikiona mpira uko katikati ya uwanja. Ucheleweshaji huo unatoka kule mechi inakotengenezwa vipande vya kutumwa kwenye intaneti, na hakuna nguvu ya sebuleni kwangu inayoweza kuufupisha. Kilichokwisha ni ile picha kuganda penalti inapopigwa.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilinifundisha jambo jingine. Siku hiyo kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa; sisi wa Tanzania tuliumia zaidi. Hizo ndizo njia zilizotuondoa kwenye setilaiti, Seacom ikiwa imefika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009 na EASSy ikafuata 2010. Dunia ya nje ilipokuwa mbali hivyo, kamera zangu ziliendelea kurekodi, binti akachapisha kazi yake ya shule, na jioni tukatazama filamu zilizohifadhiwa kwenye diski iliyounganishwa na swichi. Mzee wa barazani alikuwa amekaa hana barua. Mama wa korido alikuwa kazini. Tumezoea kuita kila kitu "intaneti" hata tukasahau kwamba nyumba ina mtandao wake wenyewe, usiohitaji ruhusa ya bahari.

Sasa niseme ninachokiona kwa kampuni zetu. Kasi wanayoiuza ni ya mlangoni, lakini tangazo linaonyesha familia iko kitandani. Kijana wa kufunga faiba analipwa kumaliza nyumba, kwa hiyo anatoboa ukuta ulio karibu na nguzo, anatundika ruta nyuma ya pazia, anapima hapo hapo, unasaini. Mteja akilalamika baadaye anashauriwa apande kifurushi. Anapanda kutoka 40 hadi 80, na chumba cha mwisho kinapata 4. Ningependa kwenye ile fomu kuwe na mstari mmoja zaidi: kasi iliyopimwa chumba cha mbali zaidi. Kuujaza kutamchukua fundi dakika mbili, na mwenye nyumba atajua anachosaini.

Lakini lawama kubwa nairudisha kwetu tunaojenga. Tunakumbuka paipu ya kiyoyozi ambacho tutakinunua baada ya miaka kumi. Tunakumbuka ya antena, ingawa antena yenyewe imekwisha zamani. Ramani inachorwa, fundi umeme anaulizwa soketi ngapi, na hakuna anayetamka neno mtandao mpaka rangi imekauka. Hapo ndipo nyundo na tindo zinaingia, kama zilivyoingia kwangu, na vumbi la plasta likakaa kwenye makochi mwezi mzima. Paipu tupu ya plastiki kabla ya plasta ni pesa kidogo sana ukilinganisha na katoni moja ya vigae. Iende peke yake, isichangie njia na nyaya za umeme, ikate kona kwa upole, na ndani iwe na kamba ya kuvutia waya siku ukiwa na uwezo. Zote zikutane sehemu moja, penye soketi na hewa, karibu na pale faiba itakapoingilia. Ukiwa na banda la uani, waya wa shaba kati ya majengo mawili hukaribisha radi hadi kwenye runinga. Hapo peleka faiba, au acha.

Mdogo wangu anajenga Goba. Mwezi uliopita alifika kwenye linta, nami nikaenda na furushi la paipu begani kama mtu anayepeleka miwa sokoni. Fundi wake, kijana mpole kutoka Kilosa, alizipokea bila kuuliza, akaanza kuzifunga kwenye kuta za tofali: moja sebuleni, mbili kwenye korido, moja kila chumba, moja getini. Kamba zikabaki zikining'inia kila tundu kama masharubu. Mkononi ikabaki moja.

"Na hii ya jikoni, mzee, itakuwa ya nini?"

Nikafikiri friji. Nikafikiri jiko. Hakuna jibu lililokuja. Tukaiweka.